Mlango wa Bati Ulioitwa Barua ya Rehema

Shiundu, rafiki yangu,

Mvua imeanza tena Riruta, na mabati ya nyumba yenu yanalia kama ulivyoyaacha. Naliaka hajambo. Mwenye ploti alitaka kuung'oa ule mlango wa bati aweke wa mbao. Mkeo akamwambia aanze kwa kumng'oa yeye. Mlango upo. Mimi nimestaafu ile ofisi ya santuri pale River Road, na siku hizi nashinda nyumbani Woodley, nikisoma magazeti na kuyasahihisha kwa wino mwekundu. Hilo ungelicheka.

Nina jambo nililopaswa kukuambia ukiwa hai. Nitalifikia, lakini niache niende kwa utaratibu. Unanijua.

Wimbo wako ule wa mlango ulizaliwa mbele ya macho yangu. Nilikuja kukutembelea Jumamosi moja mchana, nikakukuta umelowa chapachapa, gitaa lako la umeme limefunikwa gunia, unaugonga mlango na kumbembeleza Naliaka akufungulie. Mlikuwa mmekosana asubuhi, na ufunguo ulikuwa mmoja. Uligonga hadi mapigo yakapata mpangilio, na majirani, kwa kukudhihaki, wakakujibu kwa sufuria. "Mama, fungulia huyu mtu, ametuchosha." Baada ya muda mrefu Naliaka akatokea nyuma yetu na kikapu chake, anatoka dukani Adams Arcade, akakuuliza unamgongea nani.

Wiki mbili baadaye ukanipigia ulichokitunga: magitaa yanakwaruza, ngoma inagonga kama ulivyogonga, na wewe unapaza sauti, "Nifungulie." Nilikuambia kwamba huo si wimbo, ni ugomvi wa ndoa uliotiwa umeme. Ukanijibu, "Mwalimu, hii ni rock. Haisikizwi ukiwa umekaa." Nilikuwa nimekaa.

Sasa jambo lenyewe. Pale ofisini mimi ndiye niliyeandika majina ya kubandikwa kwenye santuri, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili kabla ya kuwa karani, na hakuna aliyethubutu kunihakiki. Kanda yako ilikuwa na nyimbo mbili: Mlango wa Bati, na ule mpole, Barua ya Rehema, ulioutunga ili kuwaridhisha watu kama mimi. Nilipaswa kuisikiliza kanda kabla ya kuandika. Sikuisikiliza. Sikutaka kusikia kelele ile mara ya pili. Nilijiambia kwamba mtu mwenye akili huweka wimbo mpole upande wa kwanza, nikaandika hivyo. Kumbe wewe uliutanguliza ugomvi wako. Santuri zikarudi kutoka kiwandani majina yamepishana.

Ni mimi, Shiundu. Si kiwanda.

Unakumbuka mwenye duka la santuri jirani na ofisi yetu alivyoiweka mara ya kwanza, kipaza sauti kikielekea barabarani? Jina lilisema Barua ya Rehema. Kilichotoka ni mlango unaogongwa. Nilitoka mbio kumwambia aizime. Mlangoni nikamwona mng'arisha viatu analipiga sanduku lake kwa brashi, na mama mmoja mwenye mzigo kichwani amesimama, bega linacheza, mzigo hautikisiki. Sikumwambia aizime.

Kisha zikaja kadi za salamu za redioni, zile ambazo msikilizaji hujaza majina ya watu wake na wimbo anaoutaka. Watu waliuomba Barua ya Rehema kwa ajili ya wachumba, mama wakwe, wagonjwa waliolazwa, na kila mara redio ikawapigia mlango wako. Hapa Woodley bwana harusi mmoja aliuomba ili bibi harusi aingie nao. Aliingia nao. Shangazi zake walitazamana kidogo, kisha wakavua viatu. Ulinishika mkono siku hiyo ukasema, "Mungu abariki hicho kiwanda," nami nikatazama sahani yangu ya pilau.

Uliendelea kukibariki kiwanda hadi ulipougua. Nilikuja hospitalini mara tatu nikiwa nimeyapanga maneno, na mara tatu nikakusomea gazeti. Kisha wakakupeleka kwenu magharibi kukuzika, nami nikarudi mjini na siri yangu.

Jumapili iliyopita nilishindwa. Nilimwendea Naliaka, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinimiminia chai kwanza. "Mwalimu, kaa. Shiundu alijua tangu siku ya kwanza. Aliona ile karatasi yako ya majina pale ofisini. Alisema, tukimwambia Mwalimu atasahihisha."

Nilikaa. Nilicheka, Shiundu, mpaka nikavua miwani. Miaka yote hiyo ulikuwa unanibariki mimi, mbele ya uso wangu, nami nikidhani unabariki kiwanda.

Leo nimenunua kadi ya salamu. Nimeandika jina la Naliaka, la mama yako, na lako, kwa mwandiko wangu mzuri. Mahali pa wimbo kalamu ilisita. Nikiandika Mlango wa Bati, watanipigia ule mpole. Kwa hiyo nimeandika Barua ya Rehema, nikijua kwamba si kweli, na sikulikata jina kwa wino mwekundu.

Lala kwa utulivu, ndugu yangu. Wimbo utakapopigwa nitakuwa nimesimama. Na nakuahidi, maadamu ningali hai, sitasahihisha.

Mimi,
Mwalimu wako