Dishi Moja, Setilaiti Mbili na Mama Mkwe Anayesoma Midomo

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo fundi wa madishi anapanda juu ya bati letu, na akishakaza nati zake kuelekea upande aliokwisha kuambiwa, naona kuna jambo jingine litakazwa pamoja nazo ambalo mimi sitaweza kulilegeza.

Nauza dawa dukani, mume wangu ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tunaishi nyumba moja yenye ua katikati pamoja na mdogo wake, ambaye ni kinyozi, na mama yao. Mama mkwe wangu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu akiwa msichana mpaka nywele zikawa nyeupe hata siku asizosaga, na mashine ile ndiyo iliyomlisha na kuwasomesha wanawe wawili bila baba, na ndiyo iliyomla masikio, polepole, mpaka siku moja mkanda ukakatika na yeye akaendelea kumimina mahindi, kwa kuwa kelele na ukimya vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja kwake. Lakini kusoma midomo alikujua zamani, kwa sababu pale mashineni hakuna aliyemsikia mwenzake, kila mtu alisomwa, na leo ukikaa mbele yake ukaongea kawaida anakujibu kwa ile sauti yake kubwa ya kushindana na injini mpaka mgeni haamini kwamba hasikii hata mlango ukibamizwa. Wanawe wote wawili hawafugi masharubu kwa ajili yake, kinyozi hujinyoa na kumnyoa kaka yake kila wiki, na mimi nilipoolewa nilidhani ni ulimbwende wa familia mpaka nilipoelezwa.

Mtaani wanamwita Redio, na yeye jina hilo analipenda. Jioni tulikuwa tunakwenda wote kwa jirani kutazama taarifa ya habari, na king'amuzi cha jirani ni kile cha bei rahisi ambacho sauti inachelewa nyuma ya picha, sisi wenye masikio tunaona mdomo umefunga na maneno bado yanakuja, kwa hiyo mtangazaji akisema mafuta ya taa yamepanda mama anakuwa ameshaguna, na akisema jambo la kuchekesha mama anacheka peke yake halafu sisi tunamfuata nyuma kama wanafunzi wazito. Siku moja wakati wa mechi, nahodha alimsogelea refa, kamera ikamkaribia usoni, na mama akatutangazia sebule nzima alichoambiwa refa, maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, na shemeji yangu kinyozi akaanguka kutoka kwenye kigoda. Ila zile tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili hawezi, anasema watu wale wanatafuna tu, na maandishi yanayopita chini ya skrini anasema yanakimbia kama yameiba. Anachotaka ni mtu anayemtazama usoni na kuongea Kiswahili, basi.

Sasa sisi tumeamua kufunga dishi letu wenyewe, la chaneli za bure zisizo na malipo ya mwezi, na hakuna hata mmoja wetu anayejua lolote, hii ni mara yetu ya kwanza. Fundi alikuja akazunguka ua, akatazama juu kati ya paa letu na ukuta wa ghorofa la nyuma, akasema kuna setilaiti mbili za kututosha. Moja ina michezo na sinema nyingi, lugha za nje karibu zote, ishara yake ni kali hata dishi dogo la sentimita tisini linaikamata bila jasho. Ya pili, iliyo jirani yake angani, ndiyo yenye zile chaneli mbili za Kiswahili ambazo mama anazifuata kwa jirani, lakini ishara yake huku kwetu ni dhaifu, inataka dishi kubwa zaidi, na dishi likielekezwa kwa moja haliioni nyingine. Akasema, "Chagueni moja, kaka, nijue nije na dishi gani."

Mshauri, tulikuwa tumesimama uani, mimi nimeegemea kizingiti cha jikoni, mama yuko barazani ng'ambo ya ua anakunja mashuka, ametuelekea. Mume wangu alimtazama mama, kisha akashusha sauti, akasema taratibu, neno moja moja, kama mtu anayetoa siri, "Lete dogo la michezo. Mama hasikii, kwake picha ni picha."

Alishusha sauti, mshauri. Mbele ya mtu anayesoma midomo. Na midomo imenyolewa safi tangu juzi yake.

Mimi niliona mikono ya mama imesimama katikati ya shuka. Ikasimama kidogo tu, halafu akakunja, akapiga kofi juu ya shuka kulinyoosha, akachukua jingine. Na mimi badala ya kusema lolote nikamjibu mume wangu, "Sawa tu, mama naye hachagui," maneno ambayo mama hakuyaona kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba mume wangu amesomwa na mimi nimeponea kwenye mgongo wangu.

Wakati wa kula mama akasema, "Mimi dishi lolote sawa. Siku hizi nalala mapema." Halali mapema. Tangu jioni ile hajakwenda kwa jirani, na asubuhi yake nikakuta amegeuza kiti chake pale barazani, kinatazama ukuta. Sasa ukitaka kuzungumza naye inabidi uzunguke umguse bega, naye anageuka, anajibu kwa upole kabisa, kisha anaurudia ukuta wake. Mume wangu anasema mama anakwepa jua. Shemeji amefurahia dishi la michezo na ameshawatangazia wateja wake wote kwenye kiti cha kunyolea.

Mume wangu anampenda mama yake kuliko roho yake, nikimwambia amesomwa sijui atajiweka wapi, na shemeji atasema mimi ndiye mchonganishi niliyeleta maneno. Nikinyamaza, mama atakaa anatazama ukuta. Je, niseme au nimeze? Na kama kuna namna ya kununua dishi ambalo halitamfukuza mtu yeyote sebuleni, naomba unieleze ni vifaa gani, kwa lugha ambayo hata mimi nitaielewa.

Ni mimi, mkamwana wa Redio.

MSHAURI ANAJIBU

Dada, nianze na huyo mama. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari muda mrefu, nimeona watangazaji wakihangaikia sauti, pumzi na matamshi, nimeona wengine wakibadilisha tai dakika ya mwisho. Sijamwona hata mmoja aliyejiuliza kama midomo yake inasomeka. Kumbe huko mtaani kwenu yuko mtu anayewapokea kwa midomo peke yake, anaelewa, anaguna mahali panapostahili kugunwa, tena kabla ya jirani zake wote. Barua yako nimewasomea watangazaji wa taarifa ya jioni wa televisheni dada ya gazeti hili. Mmoja ameomba nimsalimie Redio. Mwingine amekwenda kujitazama kwenye kioo.

Sasa wewe. Umeandika barua ndefu kwa mtu usiyemjua kuhusu jambo ambalo ungelimaliza kwa mumeo kabla chai haijapoa. Unauliza useme au umeze. Hiyo siri unayoilinda, unamficha nani? Mama anaijua. Wewe unaijua. Mtu pekee asiyeijua ni yule aliyeitamka. Mwambie leo, mkiwa wawili, na usimpangie hotuba: "Siku ile ulipozungumza na fundi, mama alikuwa anakutazama usoni. Kiti amekigeuza tangu hapo." Kisha nyamaza. Usimweleze ajisikieje.

Ataumia. Mwache. Mtu anayenyolewa masharubu kila wiki ili mama yake amsome si mwana mbaya. Alisahau tu kwamba midomo haina sauti ya chini. Kwanza nadhani angeropoka kama kawaida yake mama asingekuwa na sababu ya kumtazama vile. Akishaumia atakwenda barazani mwenyewe, na hapo wewe usimfuate kuwa mkalimani. Akae mbele ya mama, mwanga uwe usoni pake na si nyuma yake, aseme alichokosea. Mama amewasoma wateja wenye vumbi la unga mdomoni, atamsoma na huyu akiwa na aibu.

Na wewe una zamu yako. Umeponea kwenye mgongo, umesema mwenyewe, na sina la kuongeza. Mwambie mama yale maneno uliyoyasema. Hakuyaona, ni kweli. Ndiyo maana ukiyasema wewe yatakuwa na thamani. Shemeji akikuita mchonganishi, mkumbushe ni nani aliyemtafsiria maneno ya nahodha. Shabiki wa mpira anayetaka dishi litakalomwondoa sebuleni mtu wa namna hiyo hajui mpira.

Tuje kwenye vifaa. Mimi si fundi, kwa hiyo nimewauliza mafundi wawili wasiojuana, na wameniambia jambo lile lile. Fundi wenu hakudanganya, ila alifupisha. Dishi lenye kichwa kimoja huona setilaiti moja. Kichwa ninachosema ni kile kidude kinachokaa kwenye mkono mbele ya dishi, mafundi wanakiita LNB. Lakini kama setilaiti hizo mbili zimekaribiana angani, kama alivyosema mwenyewe, dishi moja linaweza kufungwa vichwa viwili kwa kipande cha chuma cha kuvishikia, na nyaya zake mbili zikaingia kwenye swichi ndogo inayotoa waya mmoja kwenda kwenye king'amuzi. Kubadilisha kutoka setilaiti hii kwenda ile kunafanyika kwa rimoti. Hakuna atakayepanda juu ya bati. Muulizeni fundi kama ukubwa wa dishi mtakalochukua unatosha kwa umbali ulio kati ya setilaiti hizo. Akisema zimepishana mno, basi mtahitaji madishi mawili, lakini swichi ni ile ile na king'amuzi ni kile kile.

Msinunue lile dogo. Kichwa cha pembeni hupokea ishara pungufu kuliko cha katikati, kwa hiyo mnahitaji dishi kubwa linalofidia upungufu huo. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wote wawili walilisema bila mimi kuwauliza: setilaiti yenye ishara dhaifu ndiyo inayopewa katikati ya dishi, na ile yenye nguvu ndiyo inayokaa pembeni, kwa kuwa yenyewe inajiweza. Kwa hiyo chaneli za mama zinakaa katikati na michezo inakaa pembeni. Shemeji akilalamika, mwambie ni ufundi, akamuulize fundi.

King'amuzi chukueni cha picha safi, kile chenye tundu la waya mmoja mpana wa HDMI, baada ya kuhakikisha televisheni yenu nayo ina tundu hilo. Zile nyaya tatu za rangi zinaleta picha yenye ukungu, na kwa mama yenu ukungu juu ya mdomo ni sawa na kwako mtu aliyeziba redio kwa mto. Kijaribuni dukani, mtazame kama maneno na midomo vinakwenda pamoja. Najua Redio atapoteza ile nafasi yake ya kucheka wa kwanza, lakini kaeni naye ajue mapema, asije akadhani mmemwibia. Muuzaji akiwaambia king'amuzi chake kinafungua na mechi za kulipia, rudisheni pesa mfukoni mtoke. Chaneli ya bure ni ya bure, iliyofungwa imefungwa, na shemeji aelezwe hivyo kabla hajawaahidi wateja wake fainali.

Dishi likishaona kote kuwili, televisheni bado itakuwa moja. Saa ya taarifa ya habari ni ya mama. Hilo lisijadiliwe kila jioni. Lijadiliwe mara moja, mbele yake, kila mtu akiwa amemwelekea.

Jumamosi fundi akiwa juu ya bati asikaze nati kwa kuwa kipimo chake kimelia tu. Mwiteni mama sebuleni. Wekeni chaneli ya kichwa cha katikati, mtafute mtu anayesoma habari, na sauti msiipunguze. Nyinyi sikilizeni, yeye asome, kisha awaambie mtu yule amesema nini. Picha ikikatika akakwama kwenye neno, fundi asogeze dishi kidogo na mumeo awe ndiye anayepiga kelele kupitia dirishani: bado, bado, rudi kidogo. Mama akiwasomea sentensi nzima na nyinyi mkawa mmeisikia vile vile, hapo ndipo fundi akaze.

Na kile kiti cha barazani msikiguse. Atakigeuza mwenyewe.