Aliyeikomboa Magneto

Shume, Lushoto
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Kaka Alfred,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe pamoja na wifi Imelda na watoto. Sisi huku tunaendelea kuvuta pumzi. Baridi ya mwaka huu ni kali, viazi vimeozea shambani kwa mvua, na goti la Mama linamsumbua akishuka mlima, ila kanisani anafika. Nimeona niandike kwa kalamu na kuituma kwa basi, kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma kisha unanyamaza kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Nakuandikia kuhusu pikipiki ya Baba na stoo yake ya spea, hiyo hiyo inayotulisha mimi na Mama tangu tumzike. Nakuomba usome yote, usiruke mistari.

Labda umesahau stoo ilivyo, maana mara ya mwisho uliingia umeziba pua. Baba alizunguka milima hii akinunua spea kuukuu za pikipiki za Kiingereza, BSA, Triumph, Norton, vyuma walivyoviacha mabwana misitu wa hapa Shume na mameneja wa chai kule Kwamkoro. Tenki moja alilikuta kwa mama mmoja limejaa mafuta ya taa. Rimu nyingine ilikuwa kisimani, watu wameipitishia kamba wanavutia ndoo. Alinunua, akasafisha, akawauzia watu wa Arusha na Nairobi wanaofufua pikipiki za zamani. Mwenye brashi na petroli mkononi nilikuwa mimi. Sikulalamika. Wewe ulisoma, na ada yako ilitoka humo humo stoo. BSA yake mwenyewe hakuiuza, ingawa wengi waliifuata, na wengine walimpigia magoti.

Sasa turudi siku ya mazishi. Mtani wetu Juma alipanda kutoka Mnazi kuja kumzika mwenzake. Kabla jeneza halijatoka ndani, akafungua magneto ya BSA, kile kidude kinachoipa plagi moto, akajivika shingoni kwa kamba, akaenda kukaa juu ya udongo wa kaburi. Akatangaza kwamba Baba haendi popote mpaka mwanawe wa kwanza aikomboe. Watu wakacheka, hata mchungaji akageukia pembeni kuficha meno. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na huku kila mtoto anaijua: unampa chochote, hata jogoo, mnacheka, maziko yanaendelea. Lakini wewe ulikuja na wenzako wa ofisini, ukaona aibu. Ukamwita mwizi mbele ya waombolezaji, ukasema utamwitia polisi. Kaka, mtani hakasirikiwi. Juma aliinuka, akajipangusa udongo, akateremka na magneto yake shingoni, na chakula cha msiba hakukigusa.

Ndiyo maana uliponipigia mwezi wa tatu nilifurahi kama mjinga. Ulisema unataka tufanye ibada ya kumkumbuka Baba, na siku hiyo BSA iwake, iteremke mpaka kanisani watu waisikie tena. Ukaniomba niende Mnazi nikaifuate magneto, na uliongea kwa sauti ya zamani, ya kaka yangu. Nilimwambia Mama kwamba Alfred amerudi kwetu. Akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Nikateremka Mnazi. Nilimwamkia Juma, akakataa kuitikia, akidai shikamoo ya watu wa milimani ina baridi. Akauliza kama polisi nimewaacha njiani. Alipochoka kunitania, akaitoa magneto chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitenge, imepakwa grisi vizuri kuliko sisi tulivyokuwa tukiipaka. Hapo utani ukaisha. Aliniambia kwamba kitu cha marehemu kisipokombolewa, maana yake marehemu hakuwa na mtu, na aibu hiyo ya Baba ameishi nayo ndani ya nyumba yake. Alikuwa anamngoja mwana wa kwanza. Nikasema mwana wa kwanza ndiye aliyenituma. Akajibu kwamba kutuma si kukomboa, akataka kujua mimi mwenyewe nimekuja kufanya nini.

Nilikwenda gulioni nikanunua jogoo. Juma alimpokea mbele ya mkewe na majirani, akasema jogoo amekonda kama aliyemleta, wakacheka wote. Kisha yule mzee akalia, na mimi nikalia. Akatamka mbele yao kwamba Baba amekombolewa, na aliyemkomboa ni Yudith. Nilipanda mlima nikiwa nimeikumbatia magneto. Nilipoifunga na kupiga kiki mara chache, BSA ikawaka. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni akiisikiliza mpaka nikaizima.

Wiki iliyofuata akaja Bwana Abdulaziz wa Arusha na lori. Nilijua ni mteja, nikamkaribisha chai. Akanieleza kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba umemuuzia BSA pamoja na kila kilichomo stoo, na arbuni umeshapokea. Sharti lake lilikuwa pikipiki itimie na magneto yake ya asili, la sivyo hayo mengine yote hayataki. Kumbe hapakuwa na ibada yoyote. Nikamuuliza sisi tutaishi kwa nini. Alishangaa sana. Akasema wewe ulimwambia marehemu aliacha mtoto mmoja tu, na kwamba hapa yupo msichana wa kazi anayelinda stoo. Akatoa hela ulizompa anikabidhi, nauli yangu ya kurudi kwetu.

Kwetu wapi, Alfred? Mimi niliyemwosha Baba miguu alipokuwa hawezi kuinama? Mama alikuwa anammiminia mgeni chai, na alisikia kila neno. Alimaliza kumimina, akaweka birika chini, akaingia ndani. Mimi nilishindwa kumwambia mgeni kwamba mtoto wa mwenye nyumba anadanganya. Nikasema magneto haijapatikana, arudi baada ya wiki mbili. Hela zako nilikataa kuzishika.

Sasa pokea hili, na ukae chini kwanza. BSA ya Baba haipo. Nimeifungua yote. Injini imekwenda Moshi, fremu imekwenda Nairobi, tenki na magurudumu amechukua mtu wa Tanga, na vilivyobaki viko kwenye rafu, kila kimoja na bei yake. Nilijua ikivunjwa, stoo itakuwa haina mnunuzi, na kweli nilipompigia Bwana Abdulaziz alighairi. Arbuni yake anaitaka, na anaitaka kwako. Mama ndiye aliyenishikia fremu nilipokuwa nafungua nati za injini. Usidhani nilifurahi. Baba aliitunza nzima maisha yake yote, akanifundisha kuifunga, na mimi ndiye niliyeifungua. Nilikuwa na hasira mpaka spana zikawa zinanidondoka. Hilo litaniuma mpaka nife, na ukinilazimisha nitalifanya tena.

Magneto ninayo. Siyo yako, na siyo ya urithi. Stoo iko wazi kila siku isipokuwa leo Jumapili, na ukihitaji spea utauziwa bei ya wateja wengine.

Nisalimie wifi Imelda, mwambie sina neno naye, na kabichi alizoagiza nitamtumia zikikomaa. Wasalimie watoto, waambie wana shangazi. Juma wa Mnazi anakusalimu, na anauliza kama polisi bado wako njiani. Kuhusu Mama, nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga, nikamuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alimenya viazi kwa muda mrefu. Kisha akasema nikuandikie kwamba ulimwambia mgeni kweli: mtoto anaye mmoja, na anakaa naye hapa.

Ni mimi,
Yudith