Sauti Sitini na Mbili za Mama Kinyonga

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta imeganda mara tatu kabla ya saa nne. Mama Kinyonga wa katuni yetu anafungua mdomo, neno linafuata baadaye. Zenye kosa ni faili za sauti — WAV zote, sitini na mbili, nzito kama magunia. Ni sauti ya dada yangu, tuliyorekodi wiki iliyopita kabla hajalazwa. Nimezigeuza zote kuwa MP3 nyepesi, daraja la chini kabisa. Programu imezimeza bila kunung'unika. Diski imejaa pomoni, nikafuta zile za mwanzo, na pipa la taka la kompyuta nikalimwaga. Sasa katuni inakimbia! Mdomo na neno vinakutana.

Dada anapasuliwa kesho. Koo.

Jumatano, 6 Machi

Salama, wanasema. Uvimbe umetoka wote. Sauti nayo imetoka, milele. Tulijua. Lakini nesi alimsalimu, dada akafungua mdomo, hakikutoka kitu! Akavuta daftari akaandika: "Mama Kinyonga anaongea?" Nikamwambia anaongea mpaka anatuudhi. Akacheka. Kicheko pumzi tupu. Nilikwenda kulia chooni.

Ijumaa, 15 Machi

Bosi amesikiliza kwenye spika kubwa. Kauliza huyu mama anaongelea ndani ya debe au vipi. Nilete faili za mwanzo, maana hii inaonyeshwa ukumbini, si kwenye simu. Nikasema zipo. Zipo wapi, mwongo mie!

Nikarudi mezani, nikazigeuza MP3 zote kuwa WAV tena. Zikavimba, uzito uleule wa zamani. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi sauti akapita, akasikiliza nusu sentensi, akauliza nimezitoa wapi. Nikamweleza. Akanitazama kama mtu aliyefiwa. Akasema maziwa ukishayatia maji, hata uyahamishie ndoo kubwa, maji hayatoki. Nilipochagua daraja la chini, sehemu kubwa ya sauti ilitupwa palepale, na WAV yangu mpya ni chombo kikubwa tu.

Nimemtukana. Kisha nimemwomba radhi.

Nakala nyingine hakuna. Siku ile mimi ndiye niliyesema rekoda ya studio ni usumbufu, turekodi moja kwa moja kwenye mashine yangu. Nimepekua simu yangu yote. Dada hajawahi kutuma ujumbe wa sauti hata mmoja! Miaka yote anaandika, anasema kuongea na simu ni kazi ya wasio na kazi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimesafisha sauti kutwa. Nikiondoa mkwaruzo, naondoa na kipande chake. Ule ukali wake mwishoni mwa neno, uliokuwa ukinitoa kitandani nikiwa mtoto — umekwenda. Najichukia.

Bosi amepata mwigizaji mwingine, anakuja Ijumaa. Aliniambia polepole, mlango umefungwa. Filamu lazima itoke. Nimemwomba mpaka Alhamisi. Amesema haya, Alhamisi.

Jumanne, 19 Machi

Dada karudi nyumbani. Ameniandikia: "Kitinda, nataka nije nijisikie kidogo." Kwa maana zote mbili, namjua! Maringo hayakupasuliwa. Nikajibu njoo Alhamisi. Kwa nini sikusema ukweli? Mdomo huu!

Alhamisi, 21 Machi

Kaja saa tano. Kitambaa kipya shingoni, rangi ya mdomo, viatu vya kutokea. Bosi kampa kiti chake. Fundi sauti kasema anakwenda kununua waya, hajarudi mpaka sasa.

Nikamvalisha hedifoni. Nikachagua onyesho fupi, nililolisafisha kuliko yote. Mama Kinyonga akatoka nyuma ya jani, dada akapiga makofi kimyakimya. Kisha Mama Kinyonga akaongea. Dada akainua hedifoni sikio moja, akaniangalia, akairudisha. Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alichukua daftari, akaandika taratibu, akanisogezea: "Sawa, Kitinda. Najua kazi ni kazi. Anajitahidi. Anaitwa nani?"

Nimesema ngoja nimtafute, jina lake niliandika mahali. Nimefungua shajara hii. Napekua kurasa, naandika, ili nionekane nina shughuli. Nikitaja jina lolote la mwanamke, ataamini ni mwigizaji mwingine, yamekwisha. Ataumia kwa kuachwa, lakini sauti yake itabaki nzima kichwani mwake. Nikisema ni wewe, dada —

Bosi amesimama mlangoni. Ameona daftari la dada, ametazama chini.

Dada ameandika tena. Anataka kumtumia huyo mwenzake salamu. "Mpendwa," ameanza, na mbele yake ameacha nafasi ya jina.