Magofu ya Kulipia

Alhamisi, 31 Julai. Ilford.

Nimechambua mchele, nimeroweka choroko. Mvua. Zai kakaa chini na vitofali vyake vya plastiki, ananitazama, namtazama. Hatusemi. Ndiyo amri ya humu ndani tangu mwezi wa tano.

Niiandike hiyo amri, kesho nisije nikadhani niliiota. Mjukuu wangu Zai ana miaka minne na maneno yake ya kuhesabu. Kuna mama mmoja anafanya kazi na Saumu, akamwambia mtoto anachanganywa na lugha mbili, achaguliwe moja. Saumu, mwanangu wa kumzaa, akanijia na hukumu. "Mama, mpaka aanze shule, humu ndani Kiingereza tu." Kiingereza changu ni yesi, noo, thenkyu na basi stopu. Nilee mtoto kwa basi stopu.

Nimechukia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikataza. Herufi nilizipata kisomo cha ngumbaru, nilikwenda na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye huyo Saumu.

Keshokutwa tunakwenda Welisi kutembea, wiki nzima. Mkwe wangu Idi kapata likizo. Anasema nitafurahi, kuna ngome za kale na makumbusho. Sikuomba.

Jumamosi, 2 Agosti. Welisi.

Njia nzima mvua. Idi anasema Welisi ni nchi nyingine. Pasipoti hatukuulizwa, nchi gani hiyo. Kondoo wengi kuliko watu, wote wachafu matakoni.

Nyumba tuliyopanga inanuka mbwa. Manyoya mpaka chini ya mito. Nimefagia, nimepiga deki, nimefukiza udi kidogo, king'ora cha moshi kikalia kama tumeuawa. Idi kapanda kiti kukipepea na taulo. Saumu anasema, "Mama, tumekuja kupumzika." Apumzike yeye kwenye manyoya ya mbwa.

Jumapili, 3 Agosti

Mkahawani asubuhi tumeletewa mwani. Kweli, mwani. Kwetu Pangani wanawake wanaulima, wanauanika, unajazwa kwenye magunia unakwenda ng'ambo, na siku zote nilijiuliza huko ng'ambo unafanywa nini. Nimeona leo. Unachemshwa mpaka unakuwa kama kinyesi cha ng'ombe, unakaangwa, unalazwa ubavuni mwa nguruwe. Idi kaagiza bila nguruwe, akaula kwa adabu. "Mama, onja kidogo tu." Nimemwambia aendelee yeye anayetafuta sifa.

Halafu ngome. Tumelipa kiingilio kuingia gofu. Kuta zimesimama, paa hakuna, kunguru wamejaa, pembeni pananuka mkojo. Magofu kwetu yapo, na hakuna kijana aliyesimama mlangoni na mashine ya tiketi. Tena haingii mtu hivihivi kama anaingia sokoni. Mahame yana wenyewe. Unasimama, unabisha hodi, unatanguliza mguu wa kulia. Hawa wanaingia wanalamba aiskrimu.

Nikasimama langoni nikasema hodi. Kwa sauti, maana ukuta mnene. Nyuma watu wakapanga foleni. Saumu akanivuta mkono. "Mama jamani, watu wanatuangalia." Waangalie. Wamelipa kuangalia mawe, mimi nawaongezea.

Zai alikuwa kanishika kidole. Akainua uso akasema, "Hodi."

Wazi kabisa. Neno zima, halina kipande kilichoanguka.

Nilifurahi. Saumu hakufurahi.

Jumatatu, 4 Agosti

Zai kabisha hodi mlango wa choo. Kabisha mlango wa gari. Kabisha duka la zawadi, mzee wa dukani akacheka, akampa peremende. Saumu anasema ni mimi ninayemfundisha. Nimesema sijafungua kinywa leo. Kweli, nilikuwa natafuna.

Wametupeleka kanisa kuu la zamani. Maiti wamezikwa humohumo ndani, juu yao sanamu za mawe, bwana na mkewe wamelala chali, pua zimevunjika. Watu wanajipiga picha na wafu, wanatabasamu. Kinyaa. Nimewasomea Fatiha kimoyomoyo, hata kama dini siyo. Maiti ni maiti.

Jumanne, 5 Agosti

Ugomvi. Mvua ilitufungia ndani, Zai akabisha hodi mlango wa kabati, Saumu akalipuka.

"Mama, tulikubaliana."

Nikamwambia uliamua, hatukukubaliana.

"Ataanza shule hawezi kuomba maji. Watamcheka. Wewe hujui kuchekwa kulivyo."

Nikamwambia mimi nachekwa tangu niliposhuka kwenye ndege na makoti mawili.

Hakucheka. Idi akajifanya anatafuta funguo. Ndipo Saumu akasema lile alilokuwa nalo. Tukirudi Ilford, Zai atapelekwa kwa mlezi wa Kizungu, kutwa. Na mimi, nikipenda, nikatiwe tiketi nirudi Pangani nikapumzike.

Nikipenda. Nimemwambia akate hata leo.

Sitaki kurudi. Kule nyumba ipo, kuku wapo, majirani wapo, ila Zai hayupo. Hilo simwambii mtu. Nimekaa bafuni nikajifanya nafua.

Jumatano, 6 Agosti

Leo machimbo. Mawe meusi ya kuezekea nyumba, wanaume walikuwa wanayachonga kwenye giza mpaka mapafu yanakufa. Sasa wageni wanavalishwa kofia ngumu na kushushwa shimoni kwa kujifurahisha. Mimi nimebaki juu. Nitashushwa shimoni siku moja, mara moja inatosha.

Nimekaa kwenye duka la chai. Meza ya jirani, bibi wa makamo yangu na mjukuu wake wa kiume. Wanazungumza lugha yao, Kiwelisi. Nimeona hata vibao vya barabarani Kiwelisi kinakaa juu, Kiingereza chini yake. Mtoto kamwaga maziwa, bibi akamkaripia. Neno sikuelewa hata moja, karipio nililielewa lote. Mtoto akamjibu kwa lugha ileile, mdomo juu, mtundu. Bibi akamfuta pua.

Nimemwonea wivu yule mwanamke mpaka chai ikanishinda. Chai yenyewe ya ovyo pia, maji ya kuoshea kikombe.

Saumu aliporudi hatukusemezana. Siku ya pili hii.

Alhamisi, 7 Agosti

Makumbusho. Wamepanga nyumba za zamani, duka la zamani, darasa la zamani. Wizi mtupu. Kinu kama changu, kimefungiwa ndani ya kioo. Jembe bovu limetiwa taa.

Darasani, ndani ya kioo, kuna kibao kidogo cha mti, kina kamba. Nikamuuliza Idi ni cha nini. Idi akasoma maelezo ukutani, akanifasiria. Zamani mtoto akikamatwa anasema Kiwelisi shuleni, anavishwa kibao shingoni. Akimsikia mwenziwe, anamchongea, kinahamia kwa huyo. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa.

Nikasema ni kinyaa. Nikasema mwalimu wa hivyo alaaniwe, yeye pamoja na mwalimu aliyemfundisha. Nilikuwa naendelea. Idi akanigusa bega.

Saumu kaweka kiganja kwenye kioo.

"Sisi wetu ulikuwa mfupa," akasema.

Hakuna aliyemuuliza. Akaendelea mwenyewe, polepole, bila kuniangalia. Sekondari, ile ya bweni niliyoiuzia ng'ombe. Mfupa wa ng'ombe na kamba ya katani, unavishwa ukikutwa unasema Kiswahili. Unanuka. Mara moja alilala nao, kwa sababu rafiki zake wote usiku ule walinyamaza kimya, hakupata wa kumchongea.

Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Nilidhani ndiyo shule yenyewe, mama."

Mimi ngumbaru walinivika nini? Tulikaa juu ya magunia, tumenyonyesha, tumecheka, mwalimu akatuita mama. Mwanangu wakamvika mfupa. Mate yalinijaa mdomoni. Nimetema kwenye leso, si sakafuni, ingawa sakafu ilistahili.

Sikumwambia: unaona sasa. Nilitaka sana. Ulimi nimeuuma kwelikweli, bado unauma.

Zai alikuwa kakaa kwenye dawati dogo, kakunja mikono, ananyamaza vizuri kama walivyotaka wale walimu. Saumu akamtazama muda mrefu. Akamnyanyua akambeba mpaka kwenye gari, na mtoto mzito.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefunga mizigo. Mvua. Idi katafuta redio njia nzima, hakupenda hata moja. Saumu hakutaja tiketi. Mimi sikuuliza. Nina kiburi, ndivyo nilivyoumbwa.

Kisimamo cha njiani chakula kibaya, choo kibaya zaidi.

Jumapili, 10 Agosti. Ilford.

Saumu ana shifti ya asubuhi. Alikuwa anavaa viatu pale mlangoni, Zai kasimama mbele yake na nguo ya kulalia. Nilikuwa jikoni na unga mikononi. Nikamsikia.

"Mama anakwenda kazini. Kaa na Bibi. Muongee."

Kwa Kiswahili. Akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini. Halafu akaniita. "Mama, mimi ninaondoka." Hakutaja mlezi, hakutaja Pangani. Nikamwambia avae koti, kuna baridi. Akavaa.

Nimekanda unga nikisema. Nimemwambia Zai huu ni unga, hii ni hamira, hii ni iliki na usiile mbichi. Nimemwambia habari za kuku wangu na jogoo yule mshenzi wa jirani. Nimemwambia ile wiki ilivyokuwa chafu. Miezi mitatu ya maneno ilikuwa imelundikana, sauti imenikauka. Kanijibu maneno mawili matatu, moja la Kiingereza, mengine sijui ya nchi gani. Sikumsahihisha.

Maandazi yalipokuwa yanaumuka alinilalia pajani. Nilikuwa katikati ya jogoo. Nikamaliza hivyohivyo, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho.