Jina Lililochelewa Kurudi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Mwanangu yuko safarini na lori lake kama kawaida, mkewe yuko jikoni, nami niko sebuleni, miwani puani, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko umepinda kama unavyouona, lakini ni wangu. Usishangae kwamba nimeacha simu nikashika kalamu. Nina jambo la kukushukuru, na nikilisema kwa simu humu ndani kuna masikio.

Uliponiacha hospitali baada ya kile kiharusi, nilikuwa nakutazama bila kukuita. Nasikia ulilia njia nzima ukidhani sikukutambua. Nilikutambua, dada. Nilijua ndiwe uliyenibeba mgongoni, ila neno la kukuitia halikuwepo. Baadaye ulimi ulifunguka, lakini majina ya vitu yalikuwa yametoroka. Niliweza kusema leta, nipe, funga, ila kitu chenyewe nikakiita kile. Leta kile cha kunywea. Funga kile cha kutokea.

Kichekesho ni kwamba somo la nomino, nililofundisha kwenye Kiingereza tangu nilipoanza kazi, lilibaki kichwani vilevile lilivyokuwa. Ungeniamsha usingizini ningekutajia aina zake zote: za kawaida, za pekee, za jamii, dhahania, zinazohesabika na zisizohesabika. Mfano ndio sikuwa nao hata mmoja.

Daktari alisema nisiachwe nikitazamana na ukuta. Nikae na watu, nizungumze. Mkwe wangu hawezi kufunga saluni ili akae na mgonjwa, basi akaamua kwenda nami. Nilikataa. Nilimwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba mzee kama mimi kukaa katikati ya wanawake wanaosukwa ni kujivunjia heshima. Akanijibu kwa upole kwamba taulo zinahitaji mtu wa kuzikunja na mimi mikono ninayo. Nikakosa la kusema, na safari hiyo haikuwa kwa sababu ya ugonjwa.

Siku za mwanzo wateja walinyamaza kila nilipoingia. Kisha wakanizoea, wakanibatiza Mwalimu Kile, na wakaanza kunifundisha bila kuombwa. Mmoja atainua kitana na kuniuliza ni nini. Nitasema ni meno ya nywele. Watacheka, nami nitacheka, kisha watanitajia, nami nitarudia mpaka kikae. Hivyo ndivyo zilivyorudi nomino za kawaida: kitana, kioo, ndoo, mlango. Jina la kitu nilichokishika mkononi lilirudi upesi kuliko la kile nilichokiona kwa mbali.

Nami niliwalipa kwa somo. Niliwaeleza kwamba kwa Kiingereza nywele za kichwani hazihesabiki, ni kama maji. Mama mmoja muuza viatu akasema labda Waingereza wenyewe walianza kuzihesabu wakakuta zimebaki chache. Nikawaeleza kwamba ushauri nao hauhesabiki. Hapo walinipinga wote. Wakasema ndani ya saluni hii ushauri unahesabika vizuri sana, kwa sababu ukishakaa kwenye kiti unapewa mmoja baada ya mwingine hata kama hukuuomba. Wakataka kujua kundi la wanawake wa saluni linaitwaje kwa Kiingereza, maana niliwaambia wale watu wana jina la kila kundi. Nikasema hilo sikuwahi kulisoma.

Nomino dhahania, ambazo wanafunzi wangu walizilalamikia kwa kuwa hazishikiki, mimi hazikunisumbua. Aibu ilirudi mapema. Hofu ikaifuata. Zilizogoma ni zile za pekee, majina ya watu. La mwanangu lilirudi alipoingia kutoka safarini akinuka mafuta ya gari. Lako lilinijia nikiwa nakunja taulo, nikalitamka peke yangu kama mwendawazimu. Lakini kuna moja lilikataa katakata, na hili ndilo ambalo sijamwambia mtu.

Dada, nilimsahau marehemu jina.

Yeye mwenyewe sikumsahau hata kidogo. Mwendo wake, kikohozi chake cha alfajiri, namna alivyokuwa akifunga mlango kwa kisigino, vyote ninavyo. Ila jina lake halikuwepo, si lile la cheti wala lile tulilomwita sote. Nilisema mke wangu, nilisema mama yenu, nilisema marehemu. Nikiyapima kwa somo langu mwenyewe, yote hayo ni nomino za kawaida. Kila mtaa una mke wa mtu, mama wa mtu na marehemu wa mtu. Ningeweza kumwuliza mwanangu. Lakini ningemwulizaje mtoto aliyemzika mama yake, kwamba mama yako aliitwa nani? Niliona afadhali nikae na siri yangu.

Asubuhi moja mkwe wangu alikuwa akifuta vumbi kwenye ile picha ya marehemu hapa sebuleni. Yeye hakumkuta mama mkwe, aliolewa baada ya msiba. Akaniuliza ni nani aliyeipiga. Nikasema ni mimi, siku ile huyu... nikabaki mkono hewani. Nikamalizia, huyu mama yenu. Alinitazama kidogo, kisha akasema chai inapoa.

Tangu siku hiyo pale saluni akaanza hadithi za mama mkwe wake. Anasuka huku anasimulia: Mama Chiriku alifanya hivi, Mama Chiriku alisema vile. Alisimulia jinsi alivyogombana na kondakta mpaka kondakta akamwomba msamaha na kumbebea mzigo. Alisimulia ulivyomsihi siku ya harusi yetu anyamaze apigwe picha, na jinsi mdomo wake ulivyo wazi katika kila picha. Nilisikiliza huku nakunja taulo. Nililisikia jina, nikalifurahia, na ikifika jioni lilikuwa limeshateleza. Kesho yake analileta tena, kana kwamba ni mazungumzo tu.

Halafu siku moja mvua ilinyesha, saluni ikajaa. Alikuwa ameirudia hadithi ya harusi, safari hii akisema tu bibi harusi. Mteja mgeni akauliza ni bibi harusi gani huyo asiyejua kunyamaza. Kabla mkwe hajajibu nikasikia sauti ikitoka pembeni, kwenye taulo.

“Chiriku,” nikasema. “Mke wangu.”

Wateja waliendelea kucheka, kwao lilikuwa jina tu. Mkwe wangu alisimama, kitana kikiwa kwenye nywele za mtu. Hakugeuka. Kisha akaendelea kusuka, na nikaona anajifuta uso kwa bega. Kesho yake nilipoamka jina lilikuwepo, lile tulilompa la ndege asiyenyamaza, na lile la cheti limefuatana nalo.

Mpaka leo hajaniambia kwamba alijua, nami sijamwambia kwamba nimejua. Ila juzi ulipopiga simu ukasema mkwe wangu amekuwa akikupigia mara kwa mara akitaka habari za wifi yako, na kwamba umefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye habari zake, nilielewa maneno yale ameyatoa wapi. Ulidhani unapiga soga, dada. Ulikuwa unanirudishia mke wangu kidogo kidogo kupitia mdomo wa mtu ambaye hakuwahi kumwona. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo, na hili hata ugonjwa haukuniondolea.

Nakuomba usimwambie. Akikupigia tena, mpe hadithi nyingine, maana wateja wanazidai.

Wasalimie shemeji na wajukuu, na majirani zako wote wanaoniulizia. Mwambie yule jirani fundi saa kwamba sasa nikikutana naye nitamwita kwa jina. Mungu akutunze, akuponye goti, atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako,
mume wa Chiriku