Msumari wa Kutundikia Saa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kasulo tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna maharage. Unasema programu yenu hutunza taarifa kwa muda na kuzitupa zikichakaa, na mkuu wako anataka ifungwe kwenye saa ya aina moja tu, isiyobadilishika. Unauliza kama umpinge.

Mwaka ule wa wakimbizi nilikuwa nakoroga maziwa ya watoto dhaifu kambini Benaco. Yakikaa zaidi ya saa mbili, tulikuwa tunayamwaga. Muda ulipimwa kwa saa ya mkononi ya msimamizi peke yake. Siku moja niliyanusa, nikakuta yamechacha.

"Bado muda," msimamizi akasema. "Gawa."

"Saa yako imesimama, bwana."

"Hapa inatumika saa yangu."

Nikayamwaga yote mbele yake, nikamwambia anifukuze. Hakunifukuza. Nikapigilia msumari kwenye nguzo, muuguzi mmoja wa pale kambini akatundika saa yake. Ilipoharibika tulitundika nyingine, na kazi yetu haikubadilika hata kidogo.

Basi mpinge, mjukuu wangu. Programu iulize tu ni saa ngapi. Saa inayoijibu iweze kubadilishwa wakati wowote, kama ile ya msumarini. Mkuu akinuna, mwache anune.

Bibi yako, Kasulo