Debe la Mama

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako hajambo, korosho zimeanza kudondoka. Unakaribia kujifungua, unaniuliza furaha hupatikanaje ndani ya hofu.

Katika usichana wangu hapa Mitole nililinda mpunga peke yangu, juu ya dungu, kichanja cha walinzi wa shamba. Asubuhi moja tembo wakapita chini yangu. Niling'ang'ania nguzo! Mara, ng'ambo ya mtama mrefu, mama, juu ya dungu lake, akagonga debe, kama walinzi tulivyokuwa tukijulishana kwamba tupo. Sikumwona, lakini nikacheka, nikasema, "Alhamdulillah." Debe liliponyamaza sikuogopa tena, nilishajua yupo.

Ndivyo ninavyomjua Mwenyezi Mungu mpaka leo, hata akinyamaza.

Uchungu ukianza, nipigieni simu. Debe lile bado ninalo.

Bibi yako